SOMO LA JIOGRAFIA: NAMBA MBILI ZINAZOTAJA MAHALI PAKO DUNIANI



Ukiulizwa shamba lako liko wapi, utajibu vizuri tu. Utasema, "Liko ng'ambo ya korongo. Ukiupita mgunga mkubwa, shika mkono wa kulia. Linapakana na la mzee fulani." Jirani yako akisikia hivyo anafika bila taabu. Lakini mtu wa Dodoma hafiki. Yeye haujui mgunga huo, wala hamjui mzee huyo. Na sisi wenyewe tunajua kwamba mgunga hukatwa, korongo huhama mvua zikizidi, na mzee naye hufariki.

Siku hizi karatasi nyingi zinazofika vijijini hazitaji mgunga. Zinataja namba. Utazikuta kwenye ramani ya kijiji, kwenye hati ya shamba, na kwenye karatasi za watu waliopima mahali pa kuchimba kisima. Wengi wetu tunaziona na kuzipita. Tunadhani ni mambo ya wapimaji peke yao. Siyo hivyo. Mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kuzielewa, na akizielewa anaweza kuzikagua.

Basi somo letu ni hili: namba hizo zinatoka wapi, zinasomwaje, na kwa nini usikubali zipite mbele ya macho yako bila kuzitazama.

1. ALAMA ZA ARDHINI HUONDOKA

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang. Mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi, vilipatwa na msiba mkubwa. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba zilifukiwa na barabara ziliharibika.

Hebu fikiri juu ya mtu anayetoka mbali kuja kuokoa watu siku kama hiyo. Ukimwambia, "Kata kona kwenye duka la kona," duka halipo. Ukimwambia, "Fuata njia ya mwembeni," njia haionekani, imejaa tope. Alama zote alizozizoea mwenyeji zimeondoka kwa muda mfupi.

Lakini mahali penyewe hapakuondoka. Dunia haikuhama. Namba ya mahali ilibaki ile ile kabla ya tope na baada ya tope. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya namba hizi. Hazitegemei mti, nyumba wala jina la mtu. Zinategemea umbo la dunia yenyewe.

2. TUCHUKUE BOGA

Dunia ni mviringo kama mpira. Mfano wake mdogo, ule unaowekwa juu ya meza shuleni, huitwa tufe. Kama kijijini kwako hakuna tufe, usijali. Chukua boga la mviringo. Litatufaa, tena pengine zaidi.

Simamisha boga, kikonyo kikiwa juu. Kikonyo ndiyo Ncha ya Kaskazini. Kitako cha boga ndiyo Ncha ya Kusini. Sasa chukua mkaa, uchore mstari kuzunguka kiuno cha boga, katikati kabisa ya kikonyo na kitako. Mstari huo ndio ikweta.

Sasa kata boga vipande viwili, kisu kipite kwenye kikonyo na kutokea kwenye kitako. Tazama kipande kimoja kwa ndani. Weka kidole katikati kabisa. Hapo ndipo kitovu cha dunia. Kutoka kwenye kitovu chora mstari ulionyooka hadi kwenye kiuno. Kisha chora mstari wa pili kutoka kwenye kitovu hadi kwenye ganda, mahali palipo chini kidogo ya kiuno. Kati ya mistari hiyo miwili pana uwazi wenye umbo la kabari. Uwazi huo huitwa pembe. Pembe hupimwa kwa digrii.

Pembe ya ukuta na sakafu ya nyumba iliyojengwa vizuri ni digrii 90. Na kutoka kiuno cha boga hadi kitako ni digrii 90 vile vile. Kwa hiyo ikweta ni digrii 0, na Ncha ya Kusini ni digrii 90. Mahali pengine pote pa upande wa kusini pamo katikati ya 0 na 90.

Kipimo hiki huitwa latitudo. Latitudo inajibu swali moja: mahali hapa pako mbali kiasi gani na ikweta, upande wa kaskazini au wa kusini?

Sisi wa Mbulu na Hanang tuko karibu sana na kiuno cha dunia. Mji wa Mbulu uko kwenye latitudo ya kama digrii 4 kasoro kidogo, upande wa kusini. Katesh iko digrii 4 na nusu. Ukitazama boga lako, sehemu yetu ni upana wa kidole tu chini ya mstari wa mkaa.

3. MIFUO YA BOGA

Latitudo peke yake haitoshi. Ukizunguka boga lote ukiwa chini ya kiuno kwa digrii 4, utapita sehemu nyingi. Duniani, mstari huo wa digrii 4 kusini unapita Tanzania, unapita Kongo, unavuka bahari ya Atlantiki, unapita Brazili, kisha Bahari ya Pasifiki na Indonesia. Sehemu zote hizo zina latitudo moja na sisi. Sasa tutazitofautishaje?

Tazama tena boga. Limegawanyika kwa mifuo, yaani yale mabonde membamba yanayotoka kwenye kikonyo na kushuka hadi kwenye kitako. Duniani pia watu wamechora mistari ya namna hiyo, kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ncha ya Kusini. Mistari hii hupima longitudo. Longitudo inajibu swali la pili: mahali hapa pako mashariki au magharibi, kwa kiasi gani?

Lakini mashariki ya wapi? Hapa pana tofauti kubwa. Ikweta imewekwa na dunia yenyewe, kwa sababu dunia inazunguka na ncha zake zinajulikana. Mifuo ya boga yote ni sawa. Hakuna mmoja unaosema, "Mimi ndiye wa kwanza." Ilibidi watu wakubaliane. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington, Marekani. Wengi waliafiki kwamba mstari wa digrii 0 uwe ule unaopita Greenwich, London, kwenye nyumba ya kuchunguzia nyota. Kutoka hapo tunahesabu hadi digrii 180 kwenda mashariki, na hadi digrii 180 kwenda magharibi. Jumla ni digrii 360, yaani duara zima.

Sisi tuko mashariki ya Greenwich. Mbulu iko kama digrii 35 na nusu mashariki. Dar es Salaam iko zaidi ya digrii 39 mashariki.

Sasa tunazo namba mbili. Mstari wa latitudo unakatana na mstari wa longitudo mahali pamoja tu katika sehemu yetu ya dunia. Ni kama barabara mbili zinazokutana kwenye njia panda. Ukitaja barabara zote mbili, umetaja njia panda hiyo na siyo nyingine.

Mtu anaweza kuuliza, "Na kwenda juu je? Ndege ikiwa juu ya nyumba yangu, siyo ina namba zile zile?" Swali zuri. Ndiyo, ina namba zile zile mbili. Kwa hiyo wataalamu wakitaka kutaja hata urefu wa kwenda juu, huongeza namba ya tatu. Ndiyo maana tunasema kilele cha Hanang kina latitudo yake, longitudo yake, na urefu wa zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari.

4. JUA NI SHAHIDI

Usiamini mambo haya kwa kuwa yameandikwa gazetini tu. Unaweza kuyaona mwenyewe.

Simika kijiti kilichonyooka uwanjani. Mwezi wa Juni, mchana jua likiwa juu kabisa, tazama kivuli chake. Kitaanguka upande wa kusini. Fanya hivyo tena mwezi wa Desemba. Kivuli kitaanguka upande wa kaskazini. Na mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, ziko siku ambazo kivuli cha mchana karibu kinapotea chini ya kijiti. Siku hizo jua liko juu ya utosi wetu. Watu wa Ulaya hawaoni jambo hili hata siku moja katika mwaka, kwa maana latitudo yao ni kubwa. Kivuli chako kinakueleza latitudo yako.

Na longitudo? Hiyo inaelezwa na saa. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Gawanya 360 kwa 24, utapata digrii 15 kwa saa moja. Maana yake ni digrii 1 kwa dakika 4 za saa.

Kutoka Mbulu hadi Dar es Salaam kuna tofauti ya longitudo ya digrii 3 na robo tatu. Zidisha kwa 4, utapata dakika 15. Basi jua likiwa juu kabisa Dar es Salaam, watu wa Mbulu wanangoja dakika 15 nyingine ndipo liwafikie wao. Saa za redio ni moja kwa nchi nzima, ili watu wasisumbuane. Lakini jua halisikilizi redio. Linafuata longitudo.

5. NAMBA ZINAVYOANDIKWA

Digrii moja ni kubwa. Kuizunguka dunia yote kwenye ikweta ni kama kilomita 40,000. Gawanya kwa 360. Utapata kama kilomita 111 kwa digrii moja. Ukisema tu "digrii 4 kusini na digrii 35 mashariki," umetaja eneo kubwa kuliko wilaya. Kwa hiyo digrii hugawanywa vipande vidogo.

Digrii 1 ina dakika 60. Dakika 1 ina sekunde 60. Angalia: hizi siyo dakika za saa. Ni vipande vya pembe, ila zina jina moja. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1 na mita 850. Sekunde moja ni kama mita 31, yaani hatua za mtu mzima arobaini hivi.

Kwenye karatasi, digrii huandikwa kwa kiduara kidogo juu ya namba, na dakika kwa kistari kimoja kidogo. Kilele cha Mlima Hanang huandikwa hivi:

4°26' Kusini, 35°24' Mashariki

Soma: digrii nne, dakika ishirini na sita kusini, digrii thelathini na tano, dakika ishirini na nne mashariki. Kwa kawaida latitudo hutangulia, longitudo hufuata.

Simu na vifaa vingine hupenda namna nyingine, ya desimali. Mlima ule ule huandikwa hivi:

-4.4333, 35.4000

Alama ya kutoa iliyo mbele ya 4 maana yake ni kusini ya ikweta. Na 4333 imetoka wapi? Chukua dakika 26, ugawe kwa 60. Utapata 0.4333. Chukua dakika 24, ugawe kwa 60. Utapata 0.4. Hesabu za darasani, basi.

Iko namna ya tatu. Kwenye ramani za wapimaji unaweza kukuta namba mbili ndefu, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba. Hizo siyo digrii. Ni mita, zilizohesabiwa kutoka kwenye mistari maalumu. Ukizikuta, usizichanganye na digrii. Mwombe mpimaji akuonyeshe kwenye ramani mahali namba zinapoangukia.

6. KOSA DOGO, SAFARI NDEFU

Sasa tazama yanayotokea mwandishi akikosea kidogo tu. Tutatumia kilele cha Hanang.

Kosa la kwanza: amesahau neno Kusini, au amesahau alama ya kutoa. Namba zinakuwa 4°26' Kaskazini, 35°24' Mashariki. Mlima Hanang umehama kama kilomita 985. Umeingia kaskazini mwa Kenya, nchi ya Waturkana, magharibi ya Ziwa Turkana.

Kosa la pili: ameandika Magharibi badala ya Mashariki. Sasa mlima umezama baharini, katika Atlantiki, karibu na pwani ya Brazili.

Kosa la tatu: amegeuza namba, ya kwanza imekuwa ya pili, akazisoma kaskazini na mashariki. Mlima uko Aljeria, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa.

Makosa hayo matatu ni makubwa, na mtu mwangalifu atayaona mara moja kwenye ramani. La nne ndilo baya zaidi, kwa sababu limejificha. Mwandishi anaona 4°26', naye anaandika 4.26. Anaona 35°24', anaandika 35.24. Zinafanana, siyo? Lakini dakika 26 siyo 0.26 ya digrii. Ni 0.4333. Kwa kosa hilo mahali pamehama kama kilomita 26 kwenda kaskazini-magharibi. Bado ni Mkoa wa Manyara. Bado kuna mashamba na watu. Hakuna atakayeshtuka. Kisima kinaweza kupangiwa kijiji kisicho chake, na karatasi ikaonekana nzuri kabisa.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Wilaya za Mbulu na Hanang zote ziko kusini ya ikweta na mashariki ya Greenwich. Latitudo yako itaanza na 3 au 4, na iwe ya Kusini. Longitudo yako itaanza na 34 au 35, na iwe ya Mashariki. Ukiona kinyume cha hapo, simama uulize.

7. MSTARI UNAWEZA KUWA MPAKA

Wengine watasema, "Hii mistari haionekani ardhini. Ina nguvu gani?" Tutazame mpaka wa Tanzania na Uganda.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana nchi zetu. Hawakuwauliza wenyeji. Katika Ziwa Viktoria na upande wa magharibi wake, mpaka waliufuatisha mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini. Ni mstari uliochorwa juu ya karatasi, bila kujali mto wala kilima. Mutukula, pale magari yanapovuka kwenda Uganda, iko kwenye mstari huo.

Mto Kagera uko kusini zaidi ya hapo. Kwa hiyo ipo sehemu ya ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto, kati ya mto na mstari wa digrii 1. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia sehemu hiyo, na mwanzoni mwa Novemba Amin alitangaza kwamba ni ya Uganda. Yeye alitaka mto uwe mpaka. Tanzania ilikataa. Wananchi wa Kagera waliuawa, waliporwa, walikimbia makwao. Vijana kutoka mikoa yote walikwenda vitani, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Basi mstari usioonekana kwa macho una uzito. Ukiandikwa kwenye mkataba, nchi zinaulinda. Na hati ya kijiji ni mkataba pia.

8. NAMBA ZA SHAMBA LAKO

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu mwanakijiji, familia au kikundi kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi wanayoitumia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, hapa hapa Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa ardhi yao ya pamoja. Hawana desturi ya kupanda mkonge mpakani wala kujenga ukuta. Watu wa namna hiyo wangewezaje kuonyesha mpaka wao bila karatasi inayotaja mahali?

Lakini tuelewane hapa. Namba hazikupi haki. Haki hutokana na sheria, na kikao cha kijiji, na makubaliano na majirani. Namba zinasema tu haki yako imesimama wapi. Mkikubaliana mpaka kwa haki, namba zitautunza. Mkiupima mpaka wa dhuluma, namba zitaitunza dhuluma hiyo. Ndiyo sababu siku ya kupima mashamba usibaki nyumbani.

Fanya mambo haya matano:

(a) Uwepo mwenyewe, pamoja na majirani zako wote wa mpakani. Mume asiende peke yake. Mke naye azijue kona za shamba, na watoto wakubwa wazione.

(b) Hesabu kona. Shamba lenye kona sita lisiandikwe kona nne. Kila kona iwe na namba zake.

(c) Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, soma namba. Je, ni ya Kusini? Ni ya Mashariki? Inaanza na tarakimu za kwetu?

(d) Nakili namba hizo kwenye daftari lako kwa mkono wako mwenyewe. Karatasi ikiliwa na mchwa, daftari lipo.

(e) Ukiona jambo usilolielewa, uliza siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Kuuliza siyo ugomvi.

Mara ngapi tumesikia mjane akiambiwa, "Mpaka wa marehemu uliishia hapa," na mti wa mpaka tayari umeng'olewa? Mama mwenye daftari lenye namba za kona zote ana pa kuanzia. Anaweza kwenda kwenye baraza la kijiji na kusema, "Naomba pakapimwe."

9. SIMU YAKO NAYO INAJUA

Simu nyingi za kioo zina uwezo wa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwa urefu wa kama kilomita 20,000 juu. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hupima muda yaliotumia kusafiri, kisha hukokotoa mahali ilipo. Kupata namba za mahali hakuhitaji salio. Kinachohitajika ni kusimama mahali peupe. Ndani ya nyumba ya bati au chini ya miti iliyosongamana, mawimbi hayafiki vizuri.

Lakini simu hukosea kwa mita chache, na mara nyingine zaidi. Kuonyesha mahali pa kisima au nyumba ya mgonjwa, inatosha. Kugawa mpaka wa mashamba mawili membamba, haitoshi. Hapo mwite mpimaji na vifaa vyake.

Jifunze namba za nyumba yako zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu ya nne ni kama mita 11 tu. Ziandike nyuma ya mlango. Siku ya moto au mafuriko, ukipiga 114 kwa watu wa zimamoto na uokoaji, taja kwanza kijiji na kata, kisha taja namba hizo. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma kama ameonyeshwa mapema.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tufe: mfano mdogo wa dunia.
Ikweta: mstari wa katikati unaozunguka dunia, digrii 0 ya latitudo.
Latitudo: kipimo cha kwenda kaskazini au kusini ya ikweta.
Longitudo: kipimo cha kwenda mashariki au magharibi ya Greenwich.
Digrii: kipimo cha pembe. Duara zima lina digrii 360.
Dakika: sehemu moja kati ya 60 za digrii.

MASWALI

Mji wa Mbulu: 3°51' Kusini, 35°32' Mashariki.
Babati: 4°13' Kusini, 35°45' Mashariki.
Katesh: 4°31' Kusini, 35°23' Mashariki.

1. Kati ya Mbulu, Babati na Katesh, upi uko kusini zaidi? Upi uko mashariki zaidi?
2. Kutoka latitudo ya Mbulu hadi latitudo ya Katesh ni dakika ngapi? Ni kama kilomita ngapi?
3. Andika latitudo ya Mbulu kwa desimali, kama simu inavyoandika.
4. Karatasi ya kisima cha kijiji kimoja cha Hanang inasema: 35.2100, -4.4000. Kuna kasoro gani?

MAJIBU

1. Katesh iko kusini zaidi. Babati iko mashariki zaidi.
2. Dakika 40. Zidisha 40 kwa kilomita 1.85, utapata kilomita 74. Huo ni umbali wa kwenda kusini moja kwa moja, siyo wa barabara.
3. 51 gawanya kwa 60 ni 0.85. Kwa hiyo ni -3.85.
4. Namba zimegeuzwa. Latitudo ndiyo itangulie: -4.4000, 35.2100. Irudishe karatasi irekebishwe kabla gari la kuchimba halijaondoka.

KAZI YA KIKUNDI

Wanakikundi wakutane uwanjani na kijiti, boga na kisu. Kila mmoja aonyeshe kwenye boga palipo ikweta, Mbulu, Greenwich na Ncha ya Kusini. Kisha mwenye simu asome namba za mahali mliposimama, na kila mtu aziandike kwenye daftari lake na kuzisoma kwa sauti. Mkimaliza, boga lipikwe.